Lualaba ina pesa ya madini, lakini mgonjwa bado analipa mlangoni

KOLWEZI. Mwaka 2023 Kongo iliipita Peru na kuwa nchi ya pili duniani kwa kutoa shaba, nyuma ya Chile. Kwa kobalti haina mshindani: zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia inachimbwa nchini humu, na sehemu kubwa yake inatoka Lualaba. Malori yanapita usiku na mchana kuelekea mpaka wa Kasumbalesa. Lakini katika vituo vingi vya afya vya jimbo hilihili, swali la kwanza analoulizwa mgonjwa si anaumwa wapi. Anaulizwa kama amenunua fishi.

Kila mara jambo hili linapozungumzwa redioni au sokoni, jibu huwa moja: serikali haina pesa. Jibu hilo lina ukweli, ila si ukweli wote. Ziko nchi ambazo hazikuwa tajiri na zikapata afya njema kwa pesa kidogo. Ziko nyingine zinazomwaga pesa nyingi na kuvuna kidogo. Kinachozitofautisha ni njia ya pesa: nani analipa, analipa lini, na pesa inafika wapi kwanza. Kwa jimbo lenye migodi kama Lualaba, hilo ndilo swali la kuuliza kabla ya kuuliza ni kiasi gani.

Nchi za Asia zimelijibu swali hili kwa njia mbalimbali, nyingine vizuri na nyingine vibaya. Inafaa kuzitazama, kwa sababu baadhi yake zilianza zikiwa maskini.

Sri Lanka: mkunga kwanza

Pesa nyingi peke yake haileti afya. Marekani inatumia kwa afya karibu asilimia 17 ya pato lake lote, Japani karibu asilimia 11, na bado Wajapani wanaishi miaka mingi kuliko Wamarekani. Hao ni matajiri. Kwa nchi za kawaida, mfano mzuri zaidi ni kisiwa cha Sri Lanka, jirani ya Uhindi.

Sri Lanka imepita katika vita vya ndani vilivyokwisha mwaka 2009, na mwaka 2022 serikali yake ilishindwa kulipa madeni ya nje. Kwa miaka mingi imetumia kwa afya karibu asilimia 4 tu ya pato la nchi. Hata hivyo watu wake wanaishi kwa wastani miaka 76 hivi, na karibu kila mama anajifungulia hospitalini. Kati ya kila watoto 100,000 wanaozaliwa, wanakufa akina mama wapatao 30.

Huku Kongo, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2013 na 2014 ulihesabu vifo 846 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Hesabu za karibuni zinaonyesha kwamba idadi hiyo imeshuka, lakini bado Kongo iko mbali sana na kisiwa hicho.

Sri Lanka ilifanya nini? Mwaka 1926, katika eneo la Kalutara, ilianza mpango wa kumpa kila mkunga sehemu yake ndogo ya watu. Mkunga huyo anazijua nyumba zake, anajua nani ana mimba, nani hajapeleka mtoto kwenye chanjo. Mpango ukaenea nchi nzima. Mwaka 1951 malipo katika hospitali za serikali yakafutwa. Wenye uwezo bado wanakwenda kwa madaktari binafsi na kununua dawa huko, lakini mama wa kijijini anayepelekwa hospitali akitokwa damu hatafuti kwanza pesa ya kuingilia.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Hospitali kubwa iliyo umbali wa kilomita 80 ni fimbo ya mbali. Mkunga wa mtaani ni fimbo iliyo mkononi.

Thailand: hospitali za mijini zilisubiri

Mfano wa pili ni Thailand. Katika miaka ya 1980 serikali yake ilifanya jambo ambalo wanasiasa wengi wangeliogopa: ilisimamisha kwa miaka kadhaa ujenzi mpya wa hospitali za mijini, na pesa hiyo ikapelekwa kwenye hospitali za wilaya na vituo vya vijijini. Madaktari waliomaliza masomo tayari walikuwa wanalazimika kwenda kwanza kufanya kazi vijijini. Watu wa mji mkuu walinung'unika, lakini vijiji vikapata pa kutibiwa.

Ndipo mwaka 2001, miaka michache tu baada ya uchumi wa Asia kuporomoka mwaka 1997, Thailand ikaanzisha mpango wa "baht 30". Mgonjwa alilipa baht 30, chini ya dola moja, kwa kila ziara, na maskini hawakulipa kitu. Mpango ulianza na majimbo 6, na mwaka uliofuata ukafika nchi nzima.

Mambo mawili katika mpango huo yanafaa kuangaliwa kwa makini. La kwanza, hospitali haikulipwa kwa idadi ya dawa au sindano ilizouza. Kwa huduma za kila siku ililipwa kwa idadi ya watu walioandikwa katika eneo lake, wazima na wagonjwa. Mwaka 2002 kiasi hicho kilikuwa baht 1,202 kwa mtu kwa mwaka, karibu dola 28 za wakati ule. Kwa hiyo hospitali ilipata faida watu walipokuwa wazima, na ikawa na sababu ya kuwafuata kwa chanjo na kinga. La pili, mgonjwa aliingilia kituo cha karibu, na kituo ndicho kilichompeleka juu kama ugonjwa ulizidi nguvu zake.

Haikuwa rahisi. Wagonjwa waliongezeka, hospitali kadhaa zikaingia hasara miaka ya kwanza, na baadhi ya madaktari wakakimbilia hospitali binafsi. Lakini matokeo yanaonekana. Kabla ya mpango, karibu theluthi moja ya gharama zote za afya ilitoka mfukoni mwa mgonjwa. Leo ni karibu sehemu moja kati ya kumi.

China: dawa ilipogeuka mshahara

Asia ina onyo pia, na linatoka katika nchi ambayo kampuni zake zimejaa Kolwezi. Baada ya mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980, serikali ya China ilipunguza pesa ya hospitali na kuziacha zijitafutie. Ziliruhusiwa kuuza dawa kwa faida ya asilimia 15. Matokeo yake ni rahisi kuyaelewa: daktari akaandika dawa nyingi, na zenye bei, hata pale ambapo moja ya bei ndogo ingetosha. Vijijini watu wengi waliacha kwenda hospitali, au waliuza mali kwa ajili ya matibabu. Mwaka 2009 serikali ilianza kurekebisha, na kufikia mwaka 2017 faida hiyo juu ya dawa ilifutwa katika hospitali zote za umma.

Msomaji wa Lualaba atalitambua jambo hili. Tangu mwaka 1987, mawaziri wa afya wa Afrika walipokutana Bamako, nchi nyingi za bara hili zilikubali kwamba kituo cha afya kitaendeshwa kwa sehemu na malipo ya wagonjwa na mauzo ya dawa. Kongo ilipoingia katika misukosuko ya miaka ya 1990, hiyo "sehemu" ikawa karibu yote. Muuguzi ambaye mshahara wa serikali haumfikii anaishi kwa fishi, kwa sindano na kwa serumu. Kumlaumu yeye peke yake ni kukosea shabaha. Njia ya pesa ndiyo inayomsukuma.

Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, Kongo nzima inatumia kwa afya takriban dola 20 kwa mtu kwa mwaka, ukijumlisha serikali, wafadhili na familia. Takriban asilimia 40 ya hizo, yaani karibu dola 8, zinatoka moja kwa moja mfukoni mwa mgonjwa na jamaa zake. Dola 8 inaonekana ndogo, lakini hailipwi sawasawa. Mzima halipi kitu mwaka mzima. Mama aliyepasuliwa anadaiwa kiasi ambacho mume hawezi kukipata kwa mwezi, na mara nyingine anazuiliwa wodini na mtoto wake mpaka deni liishe. Hiyo ndiyo pesa inayofanya kazi vibaya kuliko zote: inatafutwa kwa haraka, siku ambayo familia haina nguvu ya kuitafuta.

Kongo ilikuwa na ramani nzuri

Mtu asidhani kwamba mpango mzuri lazima utoke Asia. Katika miaka ya 1970, huko Kasongo, Maniema, na katika sehemu nyingine chache, madaktari wa Kongo na washirika wao walijaribu mfumo wa kugawa nchi katika maeneo ya afya, kila eneo likiwa na hospitali kuu moja na vituo vidogo vinavyoizunguka. Mfumo huo ulisifiwa na nchi nyingine zikaufuata. Hadi leo Kongo ina maeneo ya afya 519. Dilala, Manika, Fungurume, Kanzenze, Lubudi, Sandoa, Kapanga na mengineyo yamo ndani ya hesabu hiyo. Ramani ipo. Kinachokosekana ni pesa kufuata ramani.

Kolwezi ina kumbukumbu nyingine, ya Gécamines. Mfanyakazi, mke wake na watoto wake walitibiwa katika hospitali za kampuni bila kutoa kitu. Wazee wanaikumbuka enzi hiyo kwa hamu, na wana haki. Lakini aliyekuwa nje ya orodha ya kampuni hakupata. Na mgodi wa Kamoto ulipoporomoka Septemba 1990, uzalishaji ukaanguka kutoka tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka hadi chini ya 50,000, na huduma zikaanguka pamoja nao. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika mpango wa kuacha kazi kwa hiari. Mtu alipopoteza kazi, familia nzima ilipoteza daktari. Afya iliyofungwa kwenye mgongo wa kampuni moja inaanguka kampuni inapoanguka.

Pesa ya shaba inapita wapi?

Sheria ya migodi iliyorekebishwa Machi 2018 inaeleza wazi mgawanyo wa mrabaha wa madini, ule ambao watu wa Kolwezi wanauita redevansi. Asilimia 50 inakwenda serikali kuu. Asilimia 25 inakwenda jimbo. Asilimia 15 inakwenda komini, sekta au utawala wa kimila ambako mgodi upo. Asilimia 10 inawekwa katika mfuko wa vizazi vijavyo. Shaba inatozwa asilimia 3.5 ya thamani yake. Kobalti, ambayo mwishoni mwa 2018 ilitangazwa kuwa madini ya kimkakati, inatozwa asilimia 10. Mbali na hayo, kila kampuni inapaswa kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa miradi ya wananchi wanaoizunguka.

Hesabu ndogo inaweza kusaidia. Chukua shaba yenye thamani ya dola milioni 100. Mrabaha wake ni dola milioni 3.5. Jimbo linapata dola 875,000, na komini au sekta dola 525,000. Asilimia 0.3 ya mauzo hayo inaongeza dola 300,000. Kama ni kobalti ya thamani hiyohiyo, sehemu ya komini peke yake inafika dola milioni 1.5.

Sasa chukua kituo cha afya chenye watu 10,000. Komini ikikitengea dola 5 kwa kila mtu kwa mwaka, ni dola 50,000 za dawa, za posho ya wauguzi na wakunga, za pikipiki ya kupeleka mgonjwa. Kwa dola 525,000, komini moja inaweza kubeba vituo kumi vya namna hiyo. Hizo ni pesa za shaba ya dola milioni 100 tu, na Lualaba inauza shaba ya mabilioni.

Kwa nini basi vituo vina majengo yaliyopakwa rangi na kabati za dawa tupu? Kwa sababu jengo linaonekana. Linakatwa utepe, linapigwa picha, linaandikwa jina la kampuni au la kiongozi. Pakiti za dawa za malaria hazina utepe. Mkandarasi anapata faida katika saruji, hapati katika mshahara wa mkunga. Thailand ilikataa kishawishi hicho, ndiyo maana ilisonga mbele.

Familia zilizohamishwa zisiachwe nje ya daftari

Hapa ndipo suala linapowagusa zaidi waliohamishwa kwa ajili ya migodi. Mwaka 2017 familia za mtaa wa Kasulo zilihamishwa ili sehemu ya mtaa iwe mgodi, na nyingine zilipelekwa Samukinda. Mwaka 2023 Amnesty International pamoja na shirika la haki za binadamu la Kolwezi walichapisha ripoti juu ya watu walioondolewa makwao katika Cité Gécamines na kwingineko kuzunguka mji.

Katika mazungumzo ya fidia, vinahesabiwa vyumba, kiwanja, miti ya maembe. Ni nadra kuhesabiwa umbali mpya wa kituo cha afya, kadi ya chanjo ya mtoto, dawa za kifua kikuu ambazo hazitakiwi kukatizwa hata wiki moja, kliniki ya mama aliye na mimba ya miezi saba. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na kile cha Leuven, Ubelgiji, uliotolewa mwaka 2018, ulikuta kobalti nyingi sana katika damu na mkojo wa wakazi wa Kasulo, hasa watoto. Watoto hao wanahitaji kufuatiliwa popote walipo. Nani anayo orodha yao?

Swali la orodha si dogo. Sensa ya mwisho ya Kongo ilifanyika mwaka 1984. Tangu hapo Kolwezi imepokea watu kutoka Kasaï, kutoka vijiji vya Lualaba yenyewe, na kutoka kila upande ambako kazi imekwisha. Pesa ikigawanywa kwa kufuata hesabu ya zamani, mtaa mpya wa waliohamishwa unapata sehemu ya watu wasiokuwepo. Faida ya mfumo kama wa Thailand ni kwamba pesa inamfuata mtu aliyeandikwa. Akihamishwa, jina linahama, na pesa inahama nalo. Kwa hiyo kampuni inayohamisha mtaa ingepaswa kulipia miaka kadhaa ya huduma katika kituo kitakachowapokea, na kituo hicho kiwe kinafanya kazi kabla familia ya kwanza haijapakia vitu vyake kwenye lori.

Yako pia maeneo yasiyo na mgodi. Kapanga, Sandoa na Dilolo hazipati ile asilimia 15. Hapo ndipo asilimia 25 ya jimbo inapotakiwa kufanya kazi ya kusawazisha, la sivyo Lualaba itakuwa na watoto wa shaba na watoto wa kambo.

Hoja za upande wa pili

Wako watakaosema kwamba bei ya kobalti inapanda na kushuka, na hilo ni kweli. Mutanda ilisimama kuanzia mwisho wa 2019 hadi 2021, na Februari 2025 serikali ilisimamisha kuuza kobalti nje. Ndiyo sababu gharama za kila siku za vituo zitengwe kwanza, mwaka wa neema, na akiba iwekwe kando, kabla ya barabara za lami na viwanja vya michezo. Chakula cha nyumba hakinunuliwi kwa pesa iliyobaki baada ya sherehe.

Wengine watasema kwamba serikali tayari imeanza. Ni kweli pia. Septemba 2023 Rais Tshisekedi alizindua Kinshasa mpango wa kujifungua bure, unaogharimia kliniki za mimba, uzazi, upasuaji wa uzazi na huduma ya mtoto mchanga hadi siku 28, na mpango huo ukapangiwa kuenea jimbo kwa jimbo. Ni hatua nzuri, lakini uzima wake uko katika malipo. Kituo kinachozalisha bure na kusubiri miezi mingi kurudishiwa gharama kitarudi kuomba pesa pembeni. Jimbo lenye migodi linaweza kuziba pengo hilo kwa kuvilipa vituo mapema, kisha kuidai Kinshasa.

Mambo manne ya kudai

Wananchi, mashirika ya kiraia na wabunge wa jimbo hawahitaji kuwa wataalamu wa uchumi kulisimamia jambo hili. Wadai mambo manne.

Kwanza, kila komini na sekta ibandike ukutani, kila miezi mitatu, mrabaha iliopokea na kiasi kilichoingia katika vituo vya afya. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Pili, sehemu inayojulikana ya pesa hiyo itengwe kwa dawa, wauguzi na wakunga, na isiguswe kwa ujenzi.

Tatu, kituo kilipwe kwa idadi ya watu kinaowahudumia, waliohamishwa wakiwemo, ili kisilazimike kuishi kwa kuuza sindano.

Nne, jimbo lianze na maeneo mawili ya afya, moja la mjini na moja la kijijini lisilo na mgodi, na baada ya mwaka mmoja matokeo yasomwe hadharani redioni: wangapi walitibiwa, akina mama wangapi walijifungulia kituoni, siku ngapi dawa ziliisha. Thailand ilianza na majimbo 6. Lualaba haina haja ya kungoja nchi nzima iwe tayari.

Shaba haiti mizizi. Siku moja mashimo yatabaki na malori yatakwenda kwingine, kama wazee wa Gécamines walivyokwisha kushuhudia. Pesa yake ikipita kwenye vituo sasa, itabaki katika watoto wenye afya na katika akina mama walio hai. Wanaoshika daftari za komini na za jimbo wanajua ni kiasi gani kimeingia mwaka huu. Wananchi nao wana haki ya kujua.